Kufufua tangi la matumbawe la marehemu baba, safari hii Dodoma: uchambuzi wa kisa

Mwenye kisa ni mtumishi wa umma aliyehamia Dodoma na kupanga nyumba eneo la Kisasa. Baba yake, aliyefariki mwaka jana, alifuga viumbe wa bahari kwenye tangi la sebuleni huko Tanga kwa miaka mingi, na binti ndiye aliyekuwa msaidizi wake wa kubeba ndoo na kulisha samaki hadi alipokwenda chuo. Tangi lilikaushwa miaka kadhaa kabla mzee hajaanza kuugua. Vilivyobaki ni tangi lenyewe la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 lenye kioo cha milimita 10, mawe ya mwamba kama kilo 30 kwenye magunia, ndoo mbili za mchanga, taa ya zamani yenye balbu ya wati 150, skima ya protini (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu) ya kuning'iniza ukingoni, na daftari la kaunta ambalo mzee alikuwa akiliandika karibu kila wiki.

Binti anataka tangi liwe hai siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, yaani wiki nane tangu alipoomba ushauri. Anataka mawe yaleyale, na samaki ambaye mzee alimpenda kuliko wote: kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon. Mama yake naye anataka kuyaona yale mawe yamerudi majini.

Jibu ni kwamba tangi linafufuka, na daftari litasaidia kuliko kitu kingine chochote alichoachiwa. Mawe hayarudi majini, kangaja haingii, na wiki nane hazitoshi. Si jibu alilotaka kulisikia, kwa hiyo anastahili kuelezwa sababu moja baada ya nyingine.

Daftari linaeleza nini kiliua tangi

Kurasa za mwanzo zina konokono, kamba, kaa wadogo na matumbawe laini ya aina mbili au tatu. Kisha kangaja anaingia. Majuma machache baadaye mzee anaandika kuhusu madoa meupe kwenye mapezi, halafu anaandika mrututu, na kipimo chake kwa kijiko. Madoa yanapungua, yanarudi, mrututu unaongezwa. Hayo yanajirudia mara nne. Katika kipindi hichohicho konokono hawaonekani tena, kamba hawatajwi, na tumbawe la ngozi limejikunja na halifunguki. Tangu hapo daftari ni la samaki watupu. Mzee hakuunganisha mambo hayo mawili mahali popote kwenye maandishi yake, na mfugaji mwingine wa wakati ule, bila vipimo, huenda naye asingeyaunganisha.

Madoa meupe ya samaki wa bahari husababishwa na kimelea Cryptocaryon irritans. Kangaja wa buluu ni miongoni mwa samaki wanaoupata ugonjwa huu kwa urahisi mkubwa: ngozi yake ina ute mwembamba, anahitaji nafasi ya kuogelea, na akibanwa kinga yake hushuka. Mrututu ni salfeti ya shaba, na shaba kweli inamuua kimelea anapokuwa anaogelea huru kutafuta samaki. Kiwango cha tiba ni miligramu 0.15 hadi 0.25 za shaba kwa lita, kikishikiliwa bila kuyumba kwa majuma kadhaa. Tiba hiyo hufanyika kwenye tangi tupu la karantini. Ndani ya tangi lenye mawe na mchanga wa chokaa, shaba hunaswa na chokaa, kiwango majini hushuka, ugonjwa unarudi, na mfugaji anaongeza dozi. Hivyo mawe hujaa shaba taratibu. Baadaye pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikishuka, kama inavyoshuka kila usiku taa zikizimwa, shaba huachiliwa kidogokidogo. Samaki anavumilia. Konokono, kamba na matumbawe hawavumilii hata sehemu ndogo ya kiwango kile cha tiba.

Binti aliuliza kama mawe yanaweza kupimwa kwanza. Yanaweza: loweka jiwe kwenye maji safi yaliyotiwa siki hadi pH ifike kama 6, acha siku mbili, pima shaba. Kipimo kikionyesha rangi, jibu limepatikana. Kisipoonyesha, bado jiwe halijawa salama, kwa sababu vipimo vya kawaida vya wafugaji haviioni shaba iliyo chini ya takriban miligramu 0.05 kwa lita, na matumbawe yanaumia chini ya hapo. Kuyaosha kwa asidi huondoa tabaka la nje tu; jiwe la mwamba lina vitundu hadi katikati. Mchanga ndio mbaya zaidi, maana chembe zake ndogo zina eneo kubwa la kunasa. Kwa hiyo mchanga wote uachwe.

Mawe yasitupwe. Yasuguliwe kwa brashi na maji baridi, yaanikwe juani hadi yakauke kabisa, kisha yapangwe kwenye rafu ya stendi chini ya tangi, nyuma ya mlango wa kioo, mama akija ayaone. Yasirudishwe baharini. Wala isifanyike safari ya Tanga kwenda kuchukua mengine: kuvunja na kuchukua matumbawe kumekatazwa na sheria za uvuvi, sehemu ya pwani ile imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2009, na matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, hata yakiwa mifupa mikavu. Haya aliyonayo yakae nyumbani. Yasiuzwe na yasivushwe mpaka.

Mawe mapya ya kutengeneza

Kilo 20 zinatosha kwa tangi hili. Changanya kipimo 1 cha saruji nyeupe, vipimo 3 vya maganda ya chaza na kombe yaliyosagwa, ya aina inayotiwa kwenye chakula cha kuku, na kipimo 1 cha chumvi ya mawe. Hakikisha maganda ni matupu, hayajachanganywa na madini mengine wala dawa. Maji yawe kidogo. Mchanganyiko ushikike mkononi bila kuchuruzika. Finyanga juu ya mchanga wenye unyevu, toboa mapango kwa vidole, funika kwa gunia bichi siku 7. Kisha zamisha kwenye pipa la maji ya kawaida na badilisha maji kila wiki. Chumvi itayeyuka na kuacha vitundu ambamo bakteria watakaa.

Hapa wengi hukosea kwa haraka. Saruji mbichi hupandisha pH hadi juu ya 11 na huua kila kitu. Pima pH siku ya pili au ya tatu baada ya kubadilisha maji, na usisogee mpaka ibaki chini ya 8.5 bila kupanda tena. Kwa kawaida ni wiki 6 hadi 8. Hesabu hiyo peke yake inamaliza muda wote uliobaki kabla ya kumbukumbu.

Kioo na stendi

Silikoni iliyokaa kavu miaka mingi hukakamaa na kubanduka pembeni, na silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani. Fundi akate viungo vyote, asafishe kioo kwa wembe na spiriti, aunge upya. Mwambie mapema: silikoni yenye dawa ya kuzuia ukungu, ile ya bafuni, haifai, kwa sababu dawa hiyo huingia majini. Iachwe ikauke siku 7, tangi lijazwe maji ya kawaida nje kwenye sakafu sawa kwa saa 72. Likishajaa, pamoja na mawe na kioo, mzigo utakaribia kilo 350, kwa hiyo stendi iwe ya skwea paipu ya inchi 2, juu plaiwudi ya milimita 18, ipimwe kwa pima maji pande zote. Balbu ya zamani ipumzike. Inapasha maji joto bila sababu. Taa ya LED ya wati 100, saa 8 kwa siku, inatosha matumbawe laini. Skima inaokolewa kwa kulowekwa kwenye siki usiku mzima na kubadilishiwa pampu.

Maji: hapa ndipo Tanga na Dodoma zinapoachana

Mzee alichota maji ya bahari. Daftari linaonyesha alikuwa makini: maji kujaa, mbali na bandari, na aliacha kuchota wakati wa masika. Dodoma njia hiyo ni nzito, kwani lita 250 za maji ya bahari zina uzito wa kilo 256. Chumvi maalum ya matangi, gramu 37 kwa lita, yaani kama kilo 9.3 kwa kujaza mara ya kwanza, ndiyo njia inayofaa, hata kama lazima iagizwe. Chumvi ya jikoni haiwezi kushika nafasi yake, kwa kuwa ni kloridi ya sodiamu iliyotiwa madini joto, na haina kalsiamu, magnesiamu wala kaboneti ambazo matumbawe huzihitaji.

Maji ya kuchanganyia yatoke kwenye mashine ya RO, inayochuja maji kwa kuyasukuma kwenye membreni, yenye hatua ya rezini, na mita ya TDS, inayopima madini yaliyoyeyuka, isome 0. Maji ya ardhini ya Dodoma ni magumu na yana chumvichumvi. Yakitumika moja kwa moja mwani utafunika mawe ndani ya wiki chache. Maji ya chupa ya kunywa hayasaidii, nayo yana madini. Tatizo ambalo halisemwi na wauzaji ni presha: membreni ya RO inataka psi 40 hadi 60, lakini simtanki iliyoinuliwa mita 3 inatoa psi 4 tu. Bila pampu ya kuongeza presha mashine itatoa matone na maji machafu mengi. Hata ikifanya kazi vizuri, kila lita moja safi huacha lita 3 au 4 za kutupwa. Hizo zifulie nguo na kusafishia choo. Kwa miche hazifai, zina chumvi zaidi ya maji ya bomba.

Sasa jambo zito zaidi. Daftari linaonyesha mzee aliongeza jagi la lita 2 kila baada ya siku tatu, tangi likiwa na mfuniko, kwenye hewa yenye unyevu ya pwani. Hiyo ni kama lita 0.7 kwa siku. Dodoma kiangazi, tangi hili likiwa wazi lina uso wa maji wa mita ya mraba 0.6, na uso huo ukipungua milimita 7 au 8 kwa siku, lita 4 hadi 5 zinakwenda. Chumvi haiondoki na mvuke. Maji halisi ndani ya tangi, ukitoa mawe na nafasi ya juu, ni kama lita 250. Binti akisafiri wiki moja bila kujazia, lita 35 zitakuwa zimetoweka na chumvi itapanda kutoka gramu 35 kwa kilo ya maji hadi karibu 41. Matumbawe yaliyozoea 35 yatadhurika vibaya kwa kupandishwa hivyo ndani ya wiki moja.

Dawa yake ni kifaa cha kujazia chenye boya au kihisi, kikivuta maji ya RO kutoka kwenye ndoo. Ndoo iwe ya lita 25 na isizidi. Kihisi kikikwama, lita 25 zote zikiingia zitashusha chumvi hadi kama 32 na kuinua maji sentimita 4 tu; ukiacha sentimita 5 juu, sebule haitafurika na viumbe watapona. Pipa la lita 100 mahali pake lingeua tangi na kuharibu nyumba ya watu.

Kuna mtego mwingine humohumo. Mzee alijazia kwa maji ya chokaa ili kuongeza kalsiamu na alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isishuke, unaopimwa kwa dKH. Maji ya chokaa yaliyokolea, kwa lita 0.7, hupandisha alkalini ya tangi hili kwa dKH 0.3 tu kwa siku. Kwa lita 4.5 za Dodoma, maji ya chokaa yaleyale yatapandisha dKH 2 kwa siku na kuchoma kila kitu. Mtu anayefuata mwandiko wa baba yake neno kwa neno angeingia moja kwa moja kwenye shimo hili. Kwa matumbawe laini, chokaa iachwe kabisa. Kubadilisha maji lita 25 kila wiki kutashikilia dKH 8 hadi 9 na kalsiamu karibu miligramu 420 kwa lita.

Hewa ya Dodoma na kangaja

Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,120. Kanieneo la hewa hapo ni kama asilimia 87 ya lile la Tanga, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini hupungua kwa kiasi hichohicho. Maji ya bahari ya nyuzi 26 yaliyoshiba hewa pwani yana kama miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Dodoma ni kama 5.8. Tofauti hiyo haionekani kwa macho tangi likiwa na samaki wachache na pampu zikifanya kazi. Inaonekana usiku, umeme ukikatika.

Kangaja ni mwogeleaji asiyetulia na mtumiaji mkubwa wa oksijeni. Tangi la sentimita 120 ni dogo kwake hata pwani, na ndicho chanzo kinachoelekea kuwa cha ugonjwa uliomfikisha mzee kwenye mrututu. Kumweka huyohuyo, kwenye tangi lilelile, mahali penye oksijeni pungufu, ni kurudia kisa kilekile. Badala yake: samaki klauni wawili waliozalishwa kwenye matangi, gobi mmoja, na samaki mwingine mdogo mtulivu, wanne, basi. Kila mmoja akae karantini siku 30 kwenye tangi tupu la lita 60. Huko shaba, ikihitajika, ina mahali pake halali.

Pampu mbili za mawimbi zielekezwe juu ili uso wa maji utikisike muda wote. Mfuniko wa kioo usifunike zaidi ya theluthi mbili. Kwa kukatika kwa umeme, betri ya sola ya 12V na 100Ah ina wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi isinyonywe zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu 600. Pampu ya wati 10 pamoja na wati 10 ambazo inveta yenyewe hula bure, ni saa 30. Usiunganishe hita kwenye betri. Itaimaliza kabla ya alfajiri.

Joto na baridi

Daftari halitaji hita hata mara moja. Tanga haikuhitaji. Usiku wa Juni na Julai Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14 nje, na nyumba ya tofali isiyo na dari nzuri huifuata. Kila lita inayopanda mvuke huondoka na joto la kilowati-saa 0.67, lita 4 kwa siku ni sawa na kulipoza tangi kwa wati 110 mfululizo. Kwa hiyo majira ya baridi weka mfuniko wa theluthi mbili na hita mbili za wati 150, zikitegeshwa nyuzi 25. Mbili, kwa sababu hita huweza kukwama ikiwa imewaka. Ya wati 300 ikikwama inapika tangi, ya 150 inakupa nafasi ya kuligundua.

Oktoba na Novemba geuza: toa mfuniko, weka wavu ili samaki wasiruke, na feni mbili ndogo zipulize juu ya maji. Hapa ukavu wa Dodoma unakuwa msaada ambao pwani haina, kwani feni zinaweza kushusha nyuzi 2 hadi 3 bila mashine ya kupoza. Lengo ni kutopita 28. Matumbawe yakikaa majuma kwenye joto la nyuzi moja au mbili juu ya kawaida yake hutoa mwani unaoishi ndani yake na kupauka. Ndivyo ilivyotokea kwenye miamba ya magharibi mwa Bahari ya Hindi mwaka 1998. Feni zifutwe vumbi kila wiki wakati wa upepo.

Kalenda ya kweli

Wiki nane za mwanzo ni za mawe, kioo na majaribio ya umeme. Siku ya kumbukumbu iangukie siku ya kuchanganya chumvi, na daftari jipya lianze siku hiyo, mama akiwepo. Baada ya hapo, ili kulisha bakteria watakaosafisha uchafu wa samaki, tia gramu 1.6 za kloridi ya amonia, sawa na miligramu 2 za amonia kwa lita, nyuzi 27, taa zimezimwa. Amonia itapanda, nitriti itafuata, kisha zote zitarudi sifuri. Bakteria wa chupa waliosafiri kwenye joto la basi mara nyingi wamekwishakufa, hivyo hesabu wiki 4 hadi 6. Tangi likiweza kumaliza dozi ileile ndani ya saa 24, badilisha nusu ya maji, ingiza konokono watano kwanza. Wakitembea vizuri wiki mbili, klauni wanaingia. Matumbawe laini, vipande viwili au vitatu kutoka kwa muuzaji mwenye vibali, yasubiri mwezi wa tatu tangu konokono waingie.

Refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji, isahihishwe kwa kimiminika cha gramu 35, si kwa maji matupu, na kila mwezi. Kwa kuwa binti husafiri kwenda kumwona mama, anayebaki nyumbani aachiwe karatasi yenye mambo manne: jaza ndoo ya RO kila siku ya tatu; chakula ni kile kilichofungwa kwenye vikaratasi vya siku, kisiongezwe; umeme ukikatika, washa inveta ya pampu; na dawa ya mbu isipulizwe sebuleni kabisa, kwa sababu sumu inayomuua mbu inamuua kamba na samaki kwa njia ileile. Jirani mmoja mwenye simu awe na namba ya binti, na ufunguo.